Ukuta Ukinyamaza: Namna ya Kulipima Jengo Pepe Lenye Vihisi

Ukionyeshwa jengo pepe lenye vihisi, usianze kwa kusifu rangi zake. Omba ruhusa, chomoa betri ya kihisi kimoja, kisha kaa utazame skrini. Majengo mengi yataendelea kuonyesha nyuzi 27 zilezile, ukuta shwari kabisa, kana kwamba hakuna kilichotokea. Mengine yatashuka hadi sifuri na chumba kizima kigeuke buluu. Machache sana yatakwambia: mahali hapa sina habari napo tangu saa nane na dakika kumi. Hayo machache ndiyo ya kuiga.

Ninazungumzia nyumba iliyochorwa kwa pande tatu ndani ya kompyuta, ambayo mtu anaweza kuingia, kuzunguka vyumba na kupanda darini, huku kuta na hewa yake vikibadilika papo kwa papo kufuata vipimo vinavyotoka kwenye nyumba halisi. Vyombo vinavyotuma vipimo hivyo naviita vihisi, kwani neno sensa tumekwisha kulipa kazi ya kuhesabu watu. Ufundi huu bado mchanga. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ofisi ya usanifu ya Asymptote ililichorea soko la hisa la New York ukumbi wa aina hii, ambamo biashara ya siku nzima ilionekana ikitembea mbele ya macho ya wasimamizi. Mwaka 2011 watafiti wa MIT, Gershon Dublon na Joseph Paradiso wakiwa miongoni mwao, waliitoa DoppelLab: jengo lao wenyewe la maabara, limetengenezwa kwa programu ya michezo ya kompyuta na kujazwa vipimo vya joto, sauti na mienendo ya watu. Baadaye kundi hilohilo likatoka nje ya kuta, likafunga vihisi kwenye ardhi oevu ya Tidmarsh, Massachusetts, shamba la zamani lililokuwa likirudishwa katika hali yake ya asili.

Mimi huyapima majengo ya namna hii nikiwa na tembe kichwani. Tabora tumelizoea: nyumba ya udongo iliyozunguka ua, paa lake limelala, magogo na fito chini, udongo juu. Lililo maarufu liko Kwihara, kilomita chache kutoka mjini. Livingstone na Stanley walifika hapo Februari 1872, na Stanley alipoondoka kwenda pwani Livingstone alibaki hadi Agosti akingojea wapagazi. Lililopo leo ni la kujengwa upya, na Kwihara imo katika orodha ya awali ya Tanzania kwa UNESCO ya mwaka 2006, pamoja na Bagamoyo, Mpwapwa, Ujiji na vituo vingine vya njia ya misafara. Lakini silichagui tembe kwa ajili ya wageni wake. Nalichagua kwa sababu ni jengo gumu kulisimulia kwa namba. Linakunywa maji, linapumua, linaliwa na mchwa, na kila kona yake ina hali yake. Jengo pepe linaloweza kulieleza tembe litaieleza nyumba yoyote.

Jambo la kwanza la kuangalia, basi, ni kipimo kimewekwa wapi. Zamani, misafara ilipokaribia Unyanyembe, yaani eneo hilihili la Tabora na Kwihara, ilikuwa ikifyatua bunduki kabla haijaonekana. Aliyekaa uani alisikia mlio, na mlio ulikuwa na upande: huku pwani, huku Ujiji. Habari ilifika pamoja na mahali pake. Jengo pepe zuri hufanya hivyohivyo. Jengo baya huning'iniza namba katikati ya chumba, unyevu asilimia 64, ikielea hewani kama kibao cha bei sokoni. Unyevu wa asilimia 64 wa nini? Wa hewa? Wa ukuta? Ukuta upi, kimo gani? Kama swali hilo halijibiki kwa kutazama tu, basi zile pande tatu zote ni mapambo, na karatasi yenye safu mbili ingetosha.

Hili nilifundishwa na mzee mmoja, fundi wa nyumba za udongo. Nilikuwa nimechora tembe la familia yetu kwa kompyuta na kufunga vihisi vitatu. Nikamwonyesha, nikitarajia kusifiwa. Aliinamia skrini muda mrefu, kisha akauliza, "Mlango uko wapi?"

Nikamwambia sikuuchora, kwa sababu mlangoni hakuna kihisi.

"Sasa, mwanangu, nitajuaje nimesimama upande gani? Na hiki chombo chako umekitundika juu, kifuani pa mtu. Ukuta hauugulii kifuani. Unaugulia miguuni."

Alikuwa sahihi kwa mambo yote mawili. Maji ya mvua hutuama chini, msingi huyanyonya, yakapanda taratibu ndani ya udongo. Ukuta ukipakwa plasta ya saruji ili upendeze, maji hukosa pa kutokea, huozesha udongo nyuma ya plasta, na kwa nje huoni kitu mpaka siku kipande kikidondoka. Kihisi kilichofungwa kifuani kitakuletea habari njema masika yote. Tangu siku ile, nikionyeshwa jengo pepe la nyumba ya udongo, nashuka kwanza sakafuni na kutazama kiganja kimoja juu ya ardhi. Halafu napanda pale magogo ya paa yanapoingia ukutani, maana ndipo paa la udongo linapovuja na mchwa wanapoanzia. Mtengenezaji aliyeweka vihisi sehemu hizo mbili ameongea na mafundi. Aliyeviweka penye soketi ya umeme hakuongea na mtu.

Rangi nitazipitia haraka. Joto lionekane kama joto, maji kama maji. Ukuta uliolowa uwe na weusi ule wa udongo uliolowa, unaoanzia chini na kupanda bila mstari ulionyooka, si wekundu wa kengele ya hatari. Kama jengo linahitaji ukurasa wa maelezo ya rangi kabla hujaingia, mchoraji hajamaliza kazi.

Usahihi unataka muda zaidi. Kihisi cha bei nafuu cha DHT11, ambacho wanafunzi wengi huanza nacho, kinaweza kukosea hadi nyuzi 2 za joto. Jengo likikuandikia 27.43 kutokana na kihisi hicho, linakudanganya kwa tarakimu mbili za mwisho, na huenda hata ile 7 si ya kuaminika. Jengo aminifu litasema karibu 27, au litauacha ukuta kati ya rangi mbili bila kuchagua. Uliza pia kihisi cha nje kimekaaje. Kikiwa juani kinapima jua, wala si hewa, ndiyo maana vituo vya hali ya hewa huweka vipimajoto ndani ya kijumba cheupe chenye vibao vya kupitisha upepo. Uliza kuhusu vihisi vya unyevu wa udongo: vile vya bei rahisi vyenye ncha mbili za chuma zinazopitisha umeme huliwa na kutu upesi, navyo vikiharibika havinyamazi. Vinaendelea kusema, vikisema uongo kidogo zaidi kila wiki. Kwa hiyo jengo linalofaa huweka kumbukumbu ya umri wa kila kihisi na siku kilipolinganishwa na chombo kingine mara ya mwisho, na unaiona kumbukumbu hiyo ukigusa mahali kilipofungwa.

Baada ya hapo jaribu muda, na hapa ndipo ufundi huu unapouzidi ufundi wa picha. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umepima magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa leza, kazi adhimu, na umbo la kuta limehifadhiwa. Lakini umbo hilo ni la siku ile ya kipimo. Jengo lenye vihisi lina jana na juzi. Lirudishe nyuma hadi mvua za kwanza za Novemba, kisha liendeshe siku moja katika dakika moja. Mvua inanyesha saa kumi jioni. Hewa ya ndani inabadilika mara moja. Ukuta mnene hautikisiki. Saa zinapita, giza linaingia, mvua imekwisha kitambo, ndipo weusi unapoanza kupanda kutoka msingini. Joto nalo lina mwendo wake: jua la mchana linagonga uso wa nje, na linapotokeza ndani watu wamekwisha kula cha usiku. Ucheleweshaji huo ndio tabia ya nyumba ya udongo, na hakuna grafu iliyowahi kunionyesha vizuri kama ukuta unaoutazama ukilowa. Jengo linaloonyesha sasa hivi peke yake limekunyima nusu ya nyumba.

Kama ndani wanaishi watu, sikiliza pia linanyamazia nini. DoppelLab ilivuruga maneno ya watu kabla ya kuyatoa, ili usikie kuna mazungumzo chumbani usisikie yaliyosemwa. Kwenye tembe, ambako chumba cha kulala kiko hatua chache kutoka uani kwa wageni, kihisi cha mwendo kinaweza kumwambia jirani nani kaamka usiku. Siwezi kuliita zuri jengo ambalo mwenye nyumba hajaulizwa.

Jaribio la mwisho ni dogo. Lifungue kwa simu ya kawaida, kwa bando la kawaida, umeme ukiwa umekatika. Likikataa, limetengenezwa kwa ajili ya wageni.

Masika yaliyofuata kihisi changu cha kona ya mashariki kilikufa. Kwenye skrini kona ile ikageuka kama chokaa kavu, haina rangi ya joto wala ya maji, na chini yake saa ya mwisho: 7:40 usiku. Nilikuwa nimeongeza mlango, na pembeni nafasi ya mtu kuandika alichokiona kwa macho au kukigusa kwa mkono. Asubuhi mzee akapita kutusalimu. Nikamwonyesha ile kona nyeupe. Hakusema kitu. Alitoka, akazunguka nyumba, akachutama, akaweka kiganja ukutani juu kidogo ya ardhi, akakiacha hapo.

"Umelowa," akasema. "Mpaka hapa." Akapima kwa shibiri, moja na nusu.

Nikaandika shibiri moja na nusu, mkono wa fundi, saa mbili na robo asubuhi. Kona ikapata rangi.