Celeron 300A: jinsi prosesa ya bei nafuu ilivyofika megahezi 450

Tarehe 24 Agosti 1998 Intel iliingiza sokoni, siku moja, prosesa mbili zilizokusudiwa wanunuzi tofauti kabisa. Pentium II ya megahezi 450 ilitangazwa kwa dola 669, na Celeron 300A ya megahezi 300 kwa dola 149, zote kwa bei ya mnunuzi wa prosesa elfu moja. Haikupita muda wapenzi wa kompyuta wakawa wanaiendesha hiyo ya dola 149 kwa megahezi 450, ongezeko la nusu nzima ya kasi yake, na idadi kubwa ya prosesa hizo zilikubali. Wakusanyaji wa prosesa za zamani wanaitafuta hadi leo, na mara nyingi huisimulia kama bahati iliyoanguka kutoka mbinguni. Mimi nasema hapakuwa na bahati kubwa. Ukifuatilia jinsi ilivyoundwa na kwa nini iliuzwa ilivyouzwa, utaona kwamba namba 300 iliyoandikwa juu yake ilieleza nafasi yake sokoni zaidi kuliko uwezo wa silikoni yake.

Tuanze na shida iliyoizaa. Miezi michache kabla, mwezi Aprili, Intel ilitoa Celeron za kwanza ili kuzuia wateja wa kipato cha chini wasihamie kwa mshindani wake AMD, ambayo mwezi Mei ilileta prosesa ya K6-2. Ili kupunguza gharama, Celeron hizo zilinyimwa kabisa kashe ya ngazi ya pili, yaani ile kumbukumbu ndogo ya haraka inayokaa jirani na prosesa ili isingoje kumbukumbu kuu kila mara. Zikawa nzito katika kazi za kawaida na zikasemwa vibaya. 300A ndiyo ilikuwa jibu: kilobaiti 128 za kashe, tena ndani ya kipande kilekile cha silikoni, zikienda kwa kasi ileile ya prosesa. Idadi ya transista ikapanda kutoka milioni 7.5 hadi milioni 19. Pentium II ya wakati huo ilikuwa na kilobaiti 512, lakini katika chipu za pembeni zilizopachikwa kwenye kadi yake, zikienda nusu ya kasi ya prosesa. Kwa hiyo bidhaa ya chini ilipewa mpangilio ambao kiufundi ulikuwa wa kisasa zaidi kuliko ule wa bidhaa ya juu. Isitoshe, chipu za kashe za pembeni ni kizuizi kimojawapo cha kasi, kwa kuwa nazo zina ukomo wake. Celeron haikuwa nazo.

Sasa kasi yenyewe ilipandishwaje? Kasi ya prosesa ni zao la namba mbili: kasi ya njia kuu ya data inayoiunganisha na kumbukumbu, na kizidishi kilichomo ndani yake. Intel ilikuwa imekifunga kizidishi, kwa sababu walaghai walikuwa wakifuta maandishi ya prosesa za polepole na kuziuza kama za kasi. Kizidishi cha 300A kilifungwa kwenye 4.5, na njia kuu iliwekwa megahezi 66. Ikabaki njia kuu peke yake. Ipandishe hadi 100, na 4.5 mara 100 ni 450. Hesabu hiyo ina jambo la kutazamwa kwa makini: Pentium II ya 450 ilitumia kizidishi hichohicho na njia kuu hiyohiyo, ikiwa na kiini cha ukoo mmoja kilichotengenezwa kwa teknolojia ileile ya maikroni 0.25. Ubao mama haukuombwa kitu kigeni. Uliombwa mpangilio ambao Intel yenyewe ilikuwa inauuza rasmi siku hiyohiyo.

Kilichozitenganisha prosesa hizo mbili kwa kasi ya njia kuu kilikuwa kijidude cha kustaajabisha kwa udogo wake. Kadi ya Celeron inaingia kwenye ubao kwa ukingo wenye miguso 242, nusu upande wa A na nusu upande wa B. Mguso wa 21 wa upande wa B ndio unaoueleza ubao njia kuu iende kasi gani. Ndani ya Celeron umeunganishwa na ardhi ya umeme, na ubao unasoma 66. Ukifunikwa usigusane, ubao unasoma 100. Kipande chembamba cha selotepu, au tone la rangi ya kucha lililokauka vizuri, kilitosha. Wenye ubao kama Abit BH6 hawakuhitaji hata hilo, kwani waliichagua kasi kwenye menyu ya BIOS.

Selotepu hiyo isingefaa kitu bila chipseti ya 440BX, iliyotoka mapema mwaka huohuo. Hapa ndipo wengi hupita haraka, na ndipo penye maelezo bora. Kadi za upanuzi na diski kuu hutegemea njia ya PCI, inayotakiwa kwenda megahezi 33 na ushee. Ubao huipata kwa kuigawa njia kuu: kwa mbili ikiwa 66, kwa tatu ikiwa 100. Sasa mtu mwoga aliyeona 100 ni nyingi mno na kuchagua 83 alijiponza, maana 83 ilikuwa bado ikigawanywa kwa mbili, PCI ikapanda hadi karibu 42, na data kwenye diski ikawa hatarini kuharibika. Aliyeruka hadi 100 alirudi kwenye 33. Kasi kubwa zaidi iliiacha mashine yote, isipokuwa prosesa yenyewe, ndani ya viwango vyake, mradi kumbukumbu ziwe za aina ya PC100.

Prosesa zilizogoma kufika 450 kwenye volti 2.0 za kiwandani ziliongezwa volti kidogo, kawaida hadi 2.2, kwa sababu transista hubadilika haraka zaidi volti ikipanda. Gharama yake ni joto. Umeme unaoliwa hukua kwa uwiano wa kasi ya prosesa na wa mraba wa volti, hivyo mara 1.5 ya kasi na mara 1.21 ya mraba wa volti inatoa takriban mara 1.8. Bamba dogo la kupozea halikutosha. Ilihitajika feni ya maana.

Mhandisi atapinga, na ana haki: kiwanda huandika kasi ambayo prosesa itaimudu katika joto baya, kwa umeme usiotulia, kwa miaka mingi, hivyo aliyepandisha kasi alikula akiba ya usalama tu. Ni kweli kwamba akiba ililiwa, na ni kweli kwamba si kila 300A ilifika 450. Lakini akiba ya kawaida haielezi nusu nzima. Intel baadaye iliuza rasmi Celeron za muundo huohuo na maikroni hizohizo 0.25 hadi megahezi 533, kwa njia kuu ya 66. Mtu anaweza kusema uzalishaji ulikuwa umeboreshwa kufikia hapo, nami nakubali kwamba uliboreshwa. Hata hivyo, maboresho yalianzia kwenye muundo ambao haukuwa na kizuizi karibu na 300. Pingamizi la pili, kwamba kashe ya kilobaiti 128 haiwezi kulingana na 512, lina uzito kwenye hifadhidata na kazi nyingine zenye data kubwa. Kwenye michezo na programu nyingi za nyumbani, udogo wake ulifidiwa na kasi yake, na mashine hizo mbili zilikwenda karibu sawa.

Kwa mkusanyaji, hitimisho ni la vitendo. 300A iliyotundikwa peke yake kwenye fremu ya kioo ni ushahidi nusu, kwa kuwa kilichofanyika mwaka 1998 kilihitaji prosesa, chipseti na kumbukumbu kwa pamoja. Ihifadhiwe pamoja na ubao wa BX na PC100 zake, na msimbo wake unaoanza na SL urekodiwe kabla maandishi hayajafutika. Wapo wanaosema kuiwasha ni kuiua. Prosesa iliyobaki kwenye volti 2.0 na kupozwa vizuri haina hofu hiyo kwa majaribio ya muda mfupi. Kinachokufa kwanza ni kapasita za ubao, zinazovimba vichwa au kuvuja, na hizo hubadilishwa. Zikaguliwe kwanza. Kisha mashine iwashwe kwa 66, kumbukumbu zipimwe, ndipo 100 ijaribiwe, diski yenye data ya thamani ikiwa bado haijaunganishwa.