Mlo wa Mtaa wa Wachina na Undugu wa Kuchanjiana

Mtaa wa Wachina wa Chicago, ulioshamiri kandokando ya Wentworth Avenue tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ni mahali ambapo wafanyakazi wa ofisi hupenda kwenda kwa pamoja kutafuta chakula. Huketi meza ya duara, sahani zikawekwa katikati, kila mtu akachota. Mwenye kumiminiwa chai hugonga meza kwa ncha za vidole, na hiyo ndiyo shukurani yake. Ni ada njema. Walakini, aghalabu wageni hao huondoka na habari za utamu wa bata, wasiwe na habari za mkono uliomkata.

Mkono huo ndio alioutazama mshairi Li-Young Lee katika utungo wake mrefu “The Cleaving”, uliomo katika diwani yake ya mwaka 1990, The City in Which I Love You. Lee alizaliwa Jakarta mwaka 1957 kwa wazazi wa Kichina. Jamaa zake waliikimbia Indonesia mwaka 1959, wakafika Marekani mwaka 1964, naye baadaye akafanya maskani Chicago.

Utungo unaanzia dukani, penye bata wa kuokwa walioning'inizwa. Muuzaji ana uso unaoshabihi uso wa msemaji wa shairi. Kisu kinashuka, kichwa cha bata kinapasuka, ubongo unaonekana, wala mtunzi hapambi kitu. Hauna vina wala mizani, lakini mishororo yake mifupi hukatika kama mapigo ya kisu hicho. Kisha kula kunageuka kuwa kusoma: msemaji anataka kuzila nyuso za wahamiaji wenziwe ili apate kuzitamka, na hata Emerson, mwanafikra wa Kimarekani aliyewadharau Wachina katika maandishi yake, anatiwa mdomoni. Hapo ndipo penye nguvu. Unyonge upo katikati, pale mtunzi anapoacha nyama na mfupa akayashika mauti na roho kwa majina yake matupu. Utungo unalegea, hata nyuso zirejeapo mwishoni.

Anwani yake ni mtihani kwa mfasiri. Neno hilo la Kiingereza lina maana mbili zinazopingana: kupasua na kuambatana. “Mpasuko” ungeua nusu ya shairi. Lakini Kiswahili kina kitenzi chanja: kuni huchanjwa, ngozi huchanjwa chale, na waliochanjana wakaonja damu huwa ndugu wa kuchanjiana. Jeraha lenyewe ndilo linalounga. Ndiyo maana ya shairi zima.

Kwa watu wa pwani somo hili si geni. Bakuli za Kichina zimekaa katika zidaka za majumba ya Lamu na Pate, na katika makaburi ya nguzo, kwa karne nyingi. Zikasifiwa rangi na mng'ao, na waliozifinyanga hawana jina. Lee anakataa sifa za namna hiyo. Kwake yeye, asiyeutazama uso wa aliyemkatia nyama hajala bado, ameshiba tu. Wahenga walisema mla cha mwenziwe na chake huliwa. Shairi hili linaongeza kuwa kinachodaiwa kwanza ni uso wa mlaji mwenyewe.