Inveta Hujulikana Upande wa Betri

Katika mazishi ya Rangwe, gari la spika hufika mapema kuliko wageni. Mara nyingi ni Probox: pembe mbili za matangazo zimefungwa juu ya paa, na chini ya kiti cha abiria kuna kisanduku cha alumini chenye feni inayovuma. Hiyo ndiyo inveta. Utaikuta pia kwa mpiga picha anayechapa picha nyuma ya gari watu wakiwa bado wamekaa hemani, kwa mhubiri wa mkutano wa injili, kwa afisa wa mradi anayechaji laptopu akitoka Kochia kwenda Kagan, na majira ya kampeni kwa karibu kila anayetafuta kiti cha wadi. Stima ipo sokoni, lakini boma lenye msiba huenda liko mbali na nguzo ya mwisho, na mvua ikipiga hata sokoni hupotea.

Kwa hiyo inveta si kitu kigeni hapa. Ila wanunuzi wengi huitazama mahali pasipofaa. Dukani mteja hugeuza kisanduku, huhesabu soketi, husoma tarakimu kubwa ya wati, kisha huuliza bei. Yote hayo ni ya upande wa volti 240, na upande huo ni rahisi kuupamba. Ubora wa inveta, pamoja na ubora wa fundi aliyeifunga, uko upande wa pili, panapoingia volti 12 za betri.

Hesabu yake ni fupi: wati ni volti mara ampea. Ampilifaya inayokula wati 300 ikichomekwa ukutani kwa volti 240 huvuta ampea moja na robo, na waya mwembamba wa redio unaitosha. Wati hizohizo zikitoka kwenye betri ya volti 12, ukijumlisha na zinazopotea njiani kama joto, zinahitaji ampea 28 hivi. Inveta ya wati 1,000 ikifanya kazi yake kamili huvuta ampea zinazokaribia 100, na mkondo wa namna hiyo haupiti popote bila kuacha alama. Penye waya mwembamba, skrubu iliyolegea au kiungo kilichosokotwa kwa vidole, patachemka.

Basi tazama kwanza inavyoungwa na gari. Imeandikwa wati 500 lakini imepewa plagi ya laita pekee? Irudishe kwenye rafu. Soketi ya laita katika magari mengi ya Toyota imepigwa chapa yenyewe, 12V 120W, yaani ampea 10, na fyuzi inayoilinda huwa ya ampea 10 au 15. Wati 500 hazipiti hapo. Fyuzi itakatika, mwenye gari ataweka kubwa zaidi, na tangu siku hiyo waya uliofichwa ndani ya dashibodi ndio utakaogeuka fyuzi. Inveta ya kweli ya plagi ya laita ni ya wati 100, au 150 injini ikiwaka na fyuzi ikiwa ya ampea 15. Inatosha laptopu na simu mbili tatu. Mtengenezaji anayeiandika hivyo bila haya ameshaanza kuniridhisha.

Halafu kuna suala la wati zenyewe. Mazungumzo ya dukani huenda hivi:

“Boss, hii ni ya ngapi?”

“Elfu moja.”

“Elfu moja mfululizo, ama ya kushtua tu?”

Muuzaji anayejua bidhaa zake hapo hutabasamu na kukuambia: elfu moja ni ya muda mfupi sana, kama pale mota ya friji inapoanza kuzunguka, mfululizo ni 500. Tarakimu zote mbili ni halali na zote zina kazi. Kasoro ni pale ile ndogo isipoandikwa popote, si kwenye kisanduku wala kwenye karatasi ya maelezo. Nikiikosa, huigawa ile kubwa kwa mbili. Bei ikiwa ya kushangaza, huigawa kwa tatu. Kibandiko cha KEBS, shirika la viwango, ni kizuri kuwepo, lakini hakikuondolei kazi ya kupima: mzigo utakaouweka wewe hakuna aliyeujaribu kabla yako.

Sasa ishike mkononi. Inveta huundwa kwa njia mbili kuu. Ya zamani ina transfoma kubwa ya chuma na shaba, na ya wati 1,000 hupita kilo kumi kwa urahisi. Hiyo huvumilia mishtuko ya mota na pampu. Ya pili hupandisha volti kwa kasi kubwa sana kupitia transfoma ndogo za feraiti, na ndiyo iliyojaa madukani kwa sababu ni nyepesi na nafuu. Wepesi pekee si dosari. Dosari ni kisanduku kikubwa kilicho chepesi kupita kiasi, maana ndani mna hewa uliyouziwa. Mulika tochi ya simu kwenye tundu la feni. Unatafuta safu ya transista zilizobanwa kwa skrubu na kipande cha chuma kwenye ukuta wa kisanduku, na mafuta meupe ya kupitisha joto katikati yao. Katika inveta hizi ukuta ndio kipozaji, kwa hiyo alumini iwe nene na yenye mbavu. Bati jembamba lililopakwa rangi nyekundu halipozi kitu, hata likiwekewa feni mbili.

Nyaya za betri zinazokuja ndani ya boksi zina siri yao. Chukua kisu, kwaruza ncha ya uzi mmoja. Ukiwa mwekundu hadi ndani, ni shaba. Ukiwa mweupe chini ya ngozi nyekundu, ni alumini iliyopakwa shaba: hupitisha mkondo mdogo kuliko shaba ya unene uleule, na viungo vyake huharibika upesi. Sioni sababu ya kuikataa inveta nzuri kwa kosa la nyaya, zinabadilishwa. Lakini mtengenezaji aliyebania hapo, najiuliza kabania wapi tena.

Jambo linalowagawa wajuzi na wanunuzi ni umbo la umeme. Stima ya ukutani hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, laini kama wimbi la ziwa siku tulivu. Inveta za bei nafuu haziwezi hilo. Huruka juu, hukaa, hushuka hadi sifuri, huruka chini. Maboksi yao husema ni wimbi lililorekebishwa, lugha ya adabu kwa mraba uliokatwa pembe. Chaja ya laptopu haijali, kwa kuwa ndani yake umeme hunyooshwa upya hata hivyo. Wanaoumia ni wengine: mota za feni na pampu hupata joto, printa nyingine hukataa kuwaka, na tochi za bei ya chini zinazochomekwa ukutani moja kwa moja kuchajiwa, zisizo na transfoma ndani, huweza kuungua. Ampilifaya ya kawaida hutoa mngurumo chini ya sauti ya mhubiri. Wengine huuzoea wakadhani ni sauti ya spika.

Sikio basi ni kipimo. Washa inveta bila mzigo. Sauti yake ikomee kwenye feni. Unganisha ampilifaya, shusha sauti ya maiki kabisa, usikilize pembe. Mngurumo wa chini usiokwisha ni wa wimbi baya. Kisha sogeza redio ndogo karibu, iwe kwenye Ramogi FM au kituo chochote kinachoshika vizuri. Kikianza kukwaruza, mtengenezaji ameacha vichujio ili kuokoa pesa. Kwa gari la spika na kwa mpiga picha mwenye printa, lipa zaidi upate wimbi safi. Kwa wa laptopu, sioni haja.

Tahadhari moja kuhusu mita. Mita ya kawaida ya fundi imepimiwa wimbi laini tu. Ukiichomeka kwenye inveta ya mraba inaweza kuonyesha volti 180 hivi wakati umeme wa kweli ni 230, na nimewasikia watu wakirudisha inveta isiyo na hatia kwa sababu hiyo. Mita inayopima thamani ya kweli ya wimbi la umbo lolote ipo, ni ghali kidogo, na fundi anayeimiliki anastahili kusikilizwa.

Jaribio lenyewe ni la mzigo na muda. Balbu za LED za wati 9 hazipimi chochote. Tafuta balbu za zamani za nyuzi, za wati 60, tano zikiwa sambamba ni 300. Injini iwake. Uache mfumo huo nusu saa, kisha uguse: kisanduku kiwe cha moto lakini mkono ukae juu yake, nyaya ziwe vuguvugu tu, plagi na vichwa vya betri visiwe na joto la kushtua. Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni hiki: balbu zikiwaka, pima volti kwenye vichwa vya betri, halafu pima tena pale nyaya zinapoingia kwenye inveta. Tofauti ikizidi nusu volti, kuna kitu kinachomeza umeme njiani. Nusu volti kwa ampea 28 ni wati 14, na hizo zinaunguza mahali fulani ambapo hupaoni.

Hapo tumeshafika kwa fundi. Kazi nzuri huonekana ukifungua boneti. Kutoka kichwa chanya cha betri, kabla waya haujasafiri zaidi ya shubiri moja, kuna fyuzi. Fyuzi hiyo hailindi inveta. Inalinda gari na waliomo, maana waya ukichubuka na kugusa bodi, betri ya kawaida ya gari inaweza kumwaga mamia ya ampea bila kusita. Fyuzi iliyofungwa upande wa inveta, mita mbili baadaye, ni ya mapambo. Waya unapopita kwenye ukuta wa chuma kuingia ndani ya gari, upite kwenye mpira. Ncha zake ziwe zimebanwa kwa koleo kwenye vichwa vya shaba, si kusokotwa na kuviringishiwa tepu. Uwe mnene na uwe mfupi. Inveta ikae pakavu penye hewa, si chini ya zulia, si juu ya betri yenyewe inayotoa gesi.

Soketi za upande wa 240 nitazipitia haraka. Ile ya mashimo ya kila plagi duniani hushika yetu ya pini tatu kwa ulegevu, na ulegevu huzaa cheche. Na volti 240 za inveta huua vilevile kama za ukutani; usiichezee kwenye majani yenye umande.

Magari ya Japani huleta mtego wake. Baadhi yana soketi ya kiwandani ya umeme wa kupishana, pini mbili bapa, na wenye magari hudhani wamebahatika inveta ya bure. Ni volti 100, za kwao. Chaja iliyoandikwa 100–240V itafanya kazi. Kifaa cha 240 pekee hakitakwenda inavyopaswa. Na mwenye lori asome kabla ya kuunganisha: malori mengi ni ya volti 24, na inveta ya 12 huweza kufa papo hapo.

Kabla ya kununua, jiulize kama unaihitaji. Ampilifaya nyingi za matangazo, zile za Ahuja zikiwemo, zina mahali pa kuunga betri ya volti 12 moja kwa moja. Kupandisha 12 hadi 240 ili ampilifaya izishushe tena ni kulipia joto mara mbili, na mngurumo juu yake.

Ukishainunua, king'ora chake cha betri usikitegemee. Inveta nyingi hulia zikifika volti 10.5 hivi, na betri ya gari iliyoshuka hapo haiwashi tena injini. Betri ya NS60 ina ampea-saa 45. Mzigo wa wati 100 injini ikiwa imezimwa hula nusu yake kwa saa mbili na kidogo, na betri za kuwashia gari hazipendi kushushwa hivyo mara kwa mara. Weka kipimo cha volti cha dashibodi, uwashe injini kabla hakijafika 12.2, gari likiwa nje mahali pa wazi na si ndani ya hema. Gari la spika linalofanya kazi kila wikendi litake betri ya pili, ya kuvumilia kushushwa, na swichi inayoitenga na ile ya kuwashia gari. Fundi akikuambia swichi hiyo si lazima, muulize atakayekuja kusukuma Probox saa kumi na moja jioni ni nani.