Ufundi wa Kushuka Mlima

Watu wakimsifu mwendesha baiskeli, husifu kupanda. Hutazama jasho, mdomo ulioachama na mapaja yanayotetemeka, wakasema huyu ana nguvu. Sisi tuliokulia Nyakasimbi, ambako kila njia ina mlima wake, tulifundishwa kutazama upande wa pili. Kupanda, mwenye pumzi na subira atapanda. Zikimwishia atatelemka kwenye kiti na kusukuma, na hakuna atakayemcheka. Mteremko ndio uliomtenga fundi na mtu mwenye baiskeli tu.

Wachukuzi wa ndizi na kahawa ndio waliokuwa mafundi wetu. Mmoja wao ninamkumbuka kuliko wote, mzee mkimya aliyekuwa na Phoenix nyeusi yenye breki za fito na keria aliyoiongezea vyuma vya nondo. Siku za mikungu mizito alifunga fimbo moja kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, akaenda kwa miguu kando ya mzigo, akiushikilia usimkimbie. Siku za gunia moja la kahawa ndipo alipopanda, na ndipo sisi watoto tulipoacha michezo yetu tukakaa ukingoni.

Hakushuka mara moja. Kileleni alisimama, akabonyeza tairi kwa dole gumba, akavuta upya mipira ya tyubu iliyofunga gunia, kisha akaitazama barabara. Aliitazama muda mrefu hata tukachoka kungoja. Alikuwa akisoma mvua ya usiku ule imechimba wapi mfereji mpya, changarawe imejikusanya upande gani wa kona, kama mbuzi wa jirani wamefungwa au wamefunguliwa. Akishamaliza kusoma, alijisukuma kwa mguu mmoja na baiskeli ikaanza kuimba.

Nilichokipenda zaidi kilikuwa kona ya chini ya mikaratusi. Hapo vijana wengi walivunjika, kwa sababu waliifikia kwa kasi, wakaogopa, wakafinya breki wakiwa tayari wamelala, na gurudumu likawatoka. Mzee yule alikuwa amekwisha kupunguza mwendo mapema, kwa breki ya fito na kwa soli ya katambuga aliyoikandamiza kwenye tairi. Akiingia konani mikono yake ilikuwa imelegea. Pedeli ya upande wa nje ilikuwa chini kabisa, na uzito wake wote uko juu yake. Macho hayakuwa kwenye gurudumu la mbele wala kwenye shimo lililokuwa karibu. Yalikuwa mbali, mahali anapotaka kutokea. Alipita mbele yetu bila kugeuza shingo. Gunia na mtu na chuma vililala pamoja na kuinuka pamoja. Sijawahi kuona kazi ya mkono au ya mguu iliyotulia namna ile.

Kwa hiyo tarehe 1 Agosti 2025, nilipomtazama Kimberley Le Court wa Mauritius kwenye mashindano ya wanawake ya Tour de France, moyo wangu haukukaa kwenye mlima. Alikuwa amevaa fulana ya njano ya kiongozi, Mwafrika wa kwanza kuivaa katika mashindano hayo, na siku mbili kabla alikuwa ameshinda hatua iliyoishia Guéret. Siku hiyo njia ilielekea Chambéry, na kabla ya mji kulikuwa na Col du Granier. Akaachwa. Wenzake wepesi zaidi walimwacha kwenye mlima, na kila mtu aliyekuwa akihesabu alianza kuihesabu fulana kwenye mgongo wa mwingine. Kisha njia ikainama. Le Court akashusha mikono chini ya usukani, akalaza mgongo na kuanza kuwafuata kwa mteremko. Breki kabla ya kona, mguu wa nje chini, macho mbali. Aliwafikia. Jioni ile bado fulana ilikuwa yake, na aliilinda kwa kushuka. Kesho yake, njia ya kwenda Col de la Madeleine ilimnyang'anya, maana mlima ule ni mrefu mno kwa umbo lake. Lakini siku ya Granier hakuna atakayeifuta.

Katika timu yake hiyohiyo, AG Insurance–Soudal, alikuwamo Sarah Gigante wa Australia, mpandaji wa ajabu. Baada ya Madeleine, Gigante alikuwa wa pili kwa jumla. Siku ya mwisho, kwenye mteremko wa Joux Plane, washindani wake waliujua udhaifu wake wakaukimbilia. Alichokichuma kupanda alikipoteza kushuka, akamaliza wa sita. Ninamhurumia, maana kushuka hakununuliwi kwa mazoezi ya miezi. Aliyeshinda mashindano yale, Pauline Ferrand-Prévot wa Ufaransa, alikulia kwenye baiskeli za milimani, kwenye mawe na mizizi na tope. Le Court naye vilevile: mwaka 2023, pamoja na Vera Looser wa Namibia, alishinda kundi la wanawake la Cape Epic, siku nane za njia mbovu huko Afrika Kusini. Njia mbovu humlea mshukaji. Nani anazo njia mbovu kutuzidi sisi?

Maisha ya Le Court kazini hayakuwa barabara iliyonyooka. Alikwenda Ulaya akiwa binti mdogo, akarudi, akakaa miaka kadhaa nje ya timu kubwa za barabarani, na mwaka 2024 tu ndipo akapata timu ya daraja la juu. Mwaka huohuo akashinda hatua ya mwisho ya Giro d'Italia kwa wanawake, pale L'Aquila. Tarehe 27 Aprili 2025 akashinda Liège–Bastogne–Liège, moja ya mashindano ya siku moja yenye heshima kubwa kuliko yote, akiwapita Puck Pieterse na Demi Vollering mbele ya mstari. Kazi yenyewe ni changa kwa wanawake. Olimpiki iliwafungulia barabara mwaka 1984, na kima cha chini cha mshahara kwa timu za daraja la juu kiliwekwa mwaka 2020 tu, yuro 15,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo wengi walipanda na kushuka milima ya Ulaya kwa posho isiyotosha nauli.

Tuache Ulaya, kwa maana nataka kusema habari za jirani. Ng'ambo ya mto Kagera, upande wa mashariki wa Rwanda unaotazamana nasi, uko mji wa Rwamagana. Huko alikulia Jeanne d'Arc Girubuntu. Mwaka 2009 aliyaona mashindano ya Tour du Rwanda yakipita, akataka kuwa miongoni mwa wale wanaopita. Mwaka 2015, huko Richmond, Marekani, akawa mwanamke wa kwanza mweusi kutoka Afrika kushindana katika mashindano ya dunia ya barabara. Vilima vya kwao na vya kwetu ni vilevile, na udongo ni mwekundu uleule. Migomba yao haina tofauti na yetu. Tofauti ni kwamba kwao palikuwa na watu walioitazama baiskeli inayopita wakaona humo kazi, heshima na jina la nchi.

Septemba 2025 mashindano hayo ya dunia yakaja Kigali, mara ya kwanza Afrika. Wanawake walikwenda kilomita 164 na ushee, wakizunguka na kurudia, kila mzunguko wakipanda mawe ya Kimihurura na kushuka tena, hadi Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye wachache walimtaja asubuhi, akabaki peke yake mbele. Watu walijaa kando ya barabara, juu ya kuta, juu ya miti. Kutoka kwetu, kama ungekuwa ndege, usingechoka kufika. Kwa barabara unazungukia Rusumo. Hapa kwetu sikumsikia mtu akiyazungumza mashindano hayo wiki ile. Gumzo la vibandani lilikuwa mpira wa Ulaya, kama kila wiki.

Linaniuma jambo jingine, la zamani zaidi. Dada zetu walikuwa hodari wa kushuka mlima, na hatukuwahesabu. Walikaa kwenye keria, miguu upande mmoja, kitenge kimekazwa chini ya goti, na abiria mzuri alijua kulala pamoja na baiskeli kwenye kona. Asiyejua, akijikaza kwenda upande wa pili kwa hofu, alimwangusha dereva. Wapo waliochaguliwa kwa hilo: waume na kaka walipenda kuwabeba kwa sababu walikuwa wepesi kwenye kona. Yaani mizani ile aliyonayo Le Court, kuusikia uzito wa mwili ukihama kabla gurudumu halijageuka, ilikuwa viunoni mwao, nyuma ya kiti. Usukani hawakupewa. Binti aliyeshika usukani alisemwa hana adabu, na wazee wetu, watu wenye busara katika mengi, hawakuona ni nini walichokuwa wakikitupa.

Sasa hata keria zenyewe hazionekani. Bodaboda, ambayo asili yake ni baiskeli za kuvusha watu mpakani Busia, leo ni pikipiki tu, na kijana akifika kileleni huzima injini ili kuokoa petroli, kisha anaachia chuma kishuke chenyewe huku akiongea na simu. Haisomi barabara. Hajui mvua ilichimba wapi. Akianguka analaumu barabara, na pengine anamlaumu mwenye mbuzi. Fundi aliyekuwa akinyoosha rimu kwa kuisikiliza, akigonga spoki moja baada ya nyingine hadi zote zitoe sauti moja, aliacha kazi hiyo kwa kukosa wateja. Aliyemrithi anabadilisha oili na plagi. Rimu za baiskeli zinazouzwa madukani ni laini kiasi kwamba kunyooshwa hazikubali, hutupwa.

Phoenix ya yule mzee iliuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa chuma chakavu, pamoja na sufuria zilizotoboka na jembe bovu, mwaka mmoja baada ya mazishi yake. Niliposikia nilimwuliza mwanawe kwa nini hakumpa binti yake, anayekwenda shule ya sekondari kwa miguu, akishuka mlima uleule asubuhi na kuupanda jioni. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, bila ubaya wowote. "Waitu," akaniambia, "kwani mtoto wa kike angeifanyia nini?"