Dereva wa basi hana kazi ndani ya tarakilishi

Mwanafunzi mmoja wa uhandisi, msomaji wa safu hii, alinitumia kurasa kumi na mbili za maelezo ya Kiswahili kuhusu kuandika programu za kuendesha kadi za tarakilishi za zamani. Swali lake lilikuwa moja: 'Mwalimu, dereva wa basi la ISA ni nani?' Nilicheka. Kisha nikasoma, kicheko kikakoma.

ISA ni mpangilio wa nyaya uliokuja na tarakilishi ya IBM ya mwaka 1981, ukapanuliwa kutoka biti 8 hadi 16 mnamo 1984. Kadi za sauti na za mtandao zilichomekwa humo. Mfasiri ameona 'bus' akaandika basi. Ameona 'driver' akaandika dereva. Tumeishia kupata dereva anayesubiri basi limsumbue. Sasa hebu niambie, huyo ni dereva au ni abiria wa Githurai?

Na basi sina ugomvi mkubwa. Asili yake ni omnibus, neno la Kilatini lenye maana ya 'kwa wote', na kweli nyaya hizo ni za kadi zote. Ila kwa sikio la Mkenya basi hutembea likibeba watu, nazo nyaya za ISA haziendi popote. Kinachotokea humo kinafanana zaidi na mbiu ya mgambo: prosesa hutangaza anwani, kadi zote husikia, na yenye anwani hiyo pekee ndiyo huitika. Kadi mbili zikipewa anwani moja, zote huitika kwa pamoja na hakuna kinachoeleweka. Mimi ningesema 'njia ya pamoja'.

Dereva naye aondoke kabisa. Programu hii haiendeshi njia. Inaijua kadi moja tu, na kazi yake ni kugeuza maagizo ya mfumo wa uendeshaji yawe yale ambayo kadi hiyo inayaelewa. Neno kiendeshi tunalo, ingawa wengine wamelikabidhi diski. Tukisema 'kiendeshi cha kadi' utata umekwisha.

Lakini kosa lililoniudhi ni 'interrupt' kuitwa usumbufu. Usumbufu ni kero, kitu cha kuepukwa. Kumbe kinachozungumziwa ni mwito: kadi ikimaliza kazi hupandisha volti kwenye waya wake, prosesa huacha ilichokuwa ikifanya, hutekeleza sehemu fupi ya kiendeshi, kisha hurudi ilikotoka. Bila mwito, kiendeshi kingekaa kikiiuliza kadi, 'umemaliza? umemaliza?' kama mtoto safarini.

Katika ISA mwito hutambuliwa volti inapopanda. Waya ukiwa tayari umepandishwa na kadi ya kwanza, mwito wa kadi ya pili unaweza kupotea. Ndiyo maana kila kadi ilipewa waya wake, mara nyingi kwa kuhamisha vifuniko vidogo vinavyounganisha pini juu ya kadi yenyewe. PCI, iliyotangazwa mwaka 1992, ilitumia utaratibu mwingine unaoruhusu kadi kadhaa kuwa na waya mmoja. Maelezo yale yanasema nini kuhusu haya yote? Ati usumbufu haushirikiani! Basi.

Kijana wa watu aliweka kadi ya sauti na ya mtandao kwenye waya nambari 5. Zikagoma. Alishinda siku mbili akipekua programu yake mstari kwa mstari, ilhali programu haikuwa na tatizo. Kosa lilikuwa kwenye sentensi aliyopewa asome.

Nisimwonee mfasiri: anwani, kadi na biti amezitumia vyema, na ni wachache wanaothubutu kuandika mambo haya kwa Kiswahili. Nimemshauri mwanafunzi afute usumbufu kila ulipo aandike mwito, kisha amrudishie mwenyewe. Amenijibu kwamba ameuhesabu, na upo mara arubaini na moja.