Kuitambua Ripoti Nzuri ya Programu Iliyojifunga

Anza na simu zisizoleta ripoti. Programu ikijifunga ghafla, taarifa ya ajali huhifadhiwa ndani ya simu, na mara nyingi hutumwa programu itakapofunguliwa tena, mtandao ukiwepo. Mtumiaji wa Bagamoyo mjini huifungua papo hapo, na ripoti inafika. Aliyeko kijijini upande wa Saadani, bando limekwisha, huenda akaifuta kabisa na ajali yake isijulikane. Ndiyo maana ukiniambia upande huo umetulia, nitakuuliza kwanza: juma hili simu ngapi za huko zimefungua programu? Bila idadi hiyo sisomi hata ajali moja.

Hasara si ya fundi peke yake. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika Tanzania, una programu ya Android inayopokea data bila mtandao na kuzituma baadaye. Programu ya namna hiyo ikigoma kabla ya kutuma, kazi ya mhudumu nayo inabaki simuni.

Ripoti ikifika, usiridhike na mstari wa juu. Chukua ile ya OutOfMemoryError, yaani kumbukumbu imejaa, inayonyooshea kidole mstari unaofungua picha. Picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000 ikifunguliwa nzima, kwa baiti 4 kila pikseli, hula megabaiti 48. Simu ya bei nafuu huweza kuzidiwa hapo. Lakini pengine picha ilikuta nafasi imeshamalizwa na orodha ambayo programu haikuiachia tangu asubuhi, na ukipunguza picha tu, kesho itaangukia mstari mwingine. Ripoti bora hukuonyesha aina ya simu, toleo la Android, kumbukumbu iliyobaki na kurasa alizopitia mtumiaji. Mbovu hukupa majina ya a, b, c, kwa kuwa msimbo ulifupishwa kabla ya kutolewa na faili la kuyafasiri halikutunzwa.

Kuna pia programu zinazouawa na simu yenyewe ili kupata nafasi. Hizo haziandiki ajali yoyote. Tangu Android 11 ya mwaka 2020, programu inaweza kuuliza ilikufaje mara iliyopita. Mkusanyaji wa ripoti asiyeuliza hivyo hajakamilisha kazi yake.

Na ukikuta jina la mgonjwa au namba yake ndani ya ripoti, ikatae, hata kama imekufikisha kwenye kosa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023, na mgonjwa yule hakuombwa ruhusa.