Darasa Lenye Maneno Mengi na Watoto Kimya

Imeenea desturi ya kuzijaza kuta za darasa la watoto wadogo chati za silabi, picha za wanyama na majina ya vitu. Mgeni aingiapo husifu, na mwalimu hufurahi. Hatuzilaumu chati hizo, lakini twaona kwamba nyingi zasifiwa kupita kadiri ya kazi yao. Chati isiyosomwa ni pambo tu.

Hatari yenyewe hufichwa na wepesi wa maandishi yetu. Kiswahili huandikwa karibu kama kitamkwavyo, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Mtoto akiisha kujua pa, pe, pi, po, pu, hulisoma neno "papa" pasipo kusita, hata kama amezaliwa mbali na pwani wala hajapata kusikia habari za samaki huyo. Sikio la mwalimu huridhika. Miaka michache baadaye, katika madarasa ya juu, mtoto yule yule huulizwa maana ya habari aliyoisoma, akanyamaza, naye huitwa mzito wa akili. Kumbe alipewa sauti, hakupewa maana.

Katika Tanzania mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza mwaka 2015 uliweka mbele kusoma, kuandika na kuhesabu, ndiyo KKK. Nia yake ilikuwa njema. Lakini jina lenyewe halitaji kusikiliza wala kusema, na mwalimu asiyeangalia aweza kudhani kwamba mambo hayo mtoto huja nayo tayari kutoka nyumbani. Wengi hawaji nayo kwa Kiswahili, maana nyumbani husema Kisukuma, Kiha, Kigogo au lugha nyingine.

Dawa yake ni ya zamani. Mwaka 1870 Edward Steere alipiga chapa huko London hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Zilikuwa maneno ya kinywa kabla ya kuwa kitabu, na hapo ndipo ilipo thamani yake kwa mwalimu. Si zote zinazofaa watoto. Nyingine ni ndefu mno, na baadhi ya maneno yake hayatumiki sana leo. Lakini hadithi ya kima na papa yafaa sana. Papa ambeba kima baharini, kisha amwambia kwamba moyo wake watakiwa uwe dawa ya sultani mgonjwa. Kima ajibu kwamba moyo ameuacha mtini.

Mwalimu na aisimulie hadithi hii kitabu kikiwa kimefungwa, anyamaze kabla ya jibu la kima, awaulize watoto: "Ninyi mngesemaje?" Anayejibu kwa lugha ya kwao asikemewe, apewe maneno ya Kiswahili, ayaseme tena. Kisha mmoja awe papa, mwingine kima. Akisema, "Moyo wangu uko juu ya mti," wenzake waseme, "Mioyo yetu iko juu ya miti." Hivyo upatanisho wa maneno huingia kwa sikio, pasipo kukariri kanuni. Mwisho, sentensi walizozisema wenyewe ziandikwe katika chati, zisomwe kila siku, na juma lifuatalo ziandikwe nyingine.

Wengine watasema kwamba darasa la watoto themanini haliwezi kusema hivyo. Neno hilo ni zito, na wenye kulisema si wavivu. Lakini watoto themanini wakiketi wawili wawili, arobaini husema kwa wakati mmoja. Katika maswali ya mmoja mmoja, sabini na tisa hunyamaza. Kelele zitakuwapo, na mkuu wa shule apitaye nje asizihesabu kuwa utovu wa adabu.

Basi atakaye kulipima darasa la watoto asianze kwa kuta. Na ahesabu ni watoto wangapi waliosema sentensi nzima asubuhi ile, na wangapi waliojibiwa.